Lifti yenye milango pande mbili zinazokutana kwenye kona

Umeuliza kama lifti ya ghorofa tano inaweza kufunguka mbele chini na ubavuni juu, kwa nyuzi 90. Inawezekana, ila amua kabla shimo halijamwagwa zege.

Tatizo kubwa ni reli, yaani vyuma vya wima vinavyoongoza chumba cha lifti kipande na kushuka. Kwa kawaida reli mbili hukaa kwenye kuta zinazotazamana, na mlango wako wa ubavuni unakula moja ya kuta hizo. Zimebaki njia mbili: reli zikae kwenye kona mbili kwa mshazari, au zote zifungwe ukuta mmoja na chumba cha lifti kining'inie kama begi mgongoni. Njia ya pili inauelemea mno ukuta huo, kwa hiyo mpe mhandisi wa miundo takwimu za mtengenezaji za nguvu ambazo reli zitauwekea ukuta. Tofali tupu halifai.

Milango iwe ya kuteleza upande mmoja, ikifunguka kwenda mbali na kona inapokutana. Ikielekea kona hiyo, mitambo yake itagongana. Uwazi wa milimita 900 unahitaji takriban 1,400 hadi 1,500 za upana kwa mlango wa vipande viwili.

Kiti cha magurudumu lazima kigeuke ndani, hivyo chumba cha lifti kisishuke chini ya milimita 1,400 kwa 1,600. Wengi huchora 1,100 kwa 1,400 na mtumiaji anakwama akitazama ukuta.

Kama mpango wa sakafu unaruhusu, milango inayotazamana ni nafuu zaidi: mtu anapita moja kwa moja, na reli zinabaki mahali pake.