Hallstatt: kivuko cha mwisho hakingoji mtu

Stesheni ya Hallstatt, mji mdogo wa Austria, haiko Hallstatt. Iko ng'ambo ya ziwa. Mji wenyewe uko upande wa pili, umebanwa kati ya maji na mlima, na kinachokuvusha ni boti. Ningelijua hilo vizuri, mimi na mdogo wangu tusingekaa stesheni usiku wa Oktoba tunakula visheti, taa za mji tunaziona na pa kupita hatuna.

Mambo yalianza kuharibika tangu asubuhi. Mdogo wangu alitua München, Ujerumani, akitokea Tanga kupitia Dar es Salaam; yeye alifika, begi lake halikufika. Tukapanga foleni, tukajaza fomu, mpaka saa tisa alasiri ndipo tukaondoka. Akavaa koti langu la waridi, maana alikuja na shati tu. "Dada, nikipigwa picha nyumbani watanicheka," akasema. Nikamwambia baridi haina mzaha. Kisha treni ikasimama porini dakika 40, na tulipofika Attnang-Puchheim, ambapo watu hubadilisha treni, ile ya kwenda ziwani ilishaondoka.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijipa moyo kwamba treni inayofuata itatufikisha vilevile. Ilitufikisha kweli, ila kivuko hufuata ratiba ya treni za mchana na za mapema jioni tu. Baada ya hapo treni husimama, abiria hushuka, na boti imeshalala upande wa pili. Pale stesheni hapana duka, hapana hata wa kumuuliza.

Mama mwenye nyumba ya wageni nilipompigia simu alicheka kwanza, inaelekea hatukuwa wa kwanza. Akasema tusijaribu kutembea gizani. Tungoje treni nyingine, tushuke kituo kinachofuata, Obertraun, kwenye ncha ya kusini ya ziwa, naye atatuitia teksi. Kutoka hapo kuna barabara ya kilomita nne au tano hivi mpaka mjini. Tulingoja karibu saa nzima. Visheti vya mama yetu, ambavyo kwa bahati vilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, viliisha vyote.

Kwa hiyo ukienda, saa ya kuanzia hesabu ni ile ya kivuko cha mwisho. Kutoka hapo rudi nyuma mpaka saa ya kutoka nyumbani. Ukishaona umechelewa, usishuke Hallstatt kabisa, pitiliza mpaka Obertraun, na uwe umempigia mwenyeji wako kabla. Ukitokea München siku za kazi, kumbuka Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya treni za jimbo la Bayern, huanza saa tatu asubuhi na huishia Salzburg. Mbele ya hapo kata tiketi ya Austria. Na kwenye treni ya kutoka Attnang-Puchheim kaa kushoto kwanza, ziwa la Traunsee liko upande huo, halafu baada ya Bad Ischl hamia kulia. Sisi tulipita gizani, tuliyaona hayo siku ya kurudi.

La pili ni kulala pale, hata usiku mmoja. Wakazi hawafiki 800, na wageni wa mchana huja kwa maelfu msimu ukichanganya. Mwaka 2023 wenyeji waliandamana kuupinga wingi huo, na ukipita vichochoroni adhuhuri utawaelewa: watu wanapiga picha mpaka kwenye madirisha ya vyumba vya wenzao. Lakini saa moja asubuhi tulikuwa sisi, bata maji, na mzee mmoja anafagia mlango wake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mnara wa kanisa umechomoza. Mdogo wangu, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Tulikuwa na nusu siku tu, basi mgodi wa chumvi tuliuacha. Hatukuona vibaya. Chumvi ndiyo iliyoujenga mji huu, imechimbwa kwenye mlima ule kwa maelfu ya miaka, na tangu 1607 maji ya chumvi yalikuwa yakipitishwa kwenye mabomba ya magogo mpaka mji wa Ebensee, kilomita 40 hivi. Mdogo wangu aliyezoea chumvi ya kuanikwa juani pwani hakuamini: "Chumvi inatoka juu mlimani?"

Tulipanda makaburini badala yake. Eneo ni dogo mno, kwa hiyo zamani baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa kumpisha mwingine, na mafuvu yakahifadhiwa katika kijumba kando ya kanisa. Yako kama 1,200, zaidi ya 600 yamechorwa maua na kuandikwa majina ya wenyewe. Mdogo wangu akanong'ona, "Kumbe huku hata marehemu ni mpangaji." Nilitoka nje kucheka, maana ndani si pa kuchekea.

Mzigo uwe wa kubeba mgongoni. Njia ni za mawe na ngazi, na magari ya wageni hayaruhusiwi katikati ya mji. Kwa hilo tu, kupotelewa na begi kulitusaidia. Pasipoti na kibali cha kuishi viwe mfukoni, kwa sababu mkirudi Ujerumani polisi wanaweza kuingia kwenye treni kukagua, na mara nyingi watu wa rangi yetu ndio wanaoanziwa.

Begi lililetwa mlangoni kwangu siku ya nne. Juu kabisa ya nguo palikuwa na jaketi zito la mtumba, alilolinunua soko la Mgandini, Tanga, mahsusi kwa safari hii.