Jibu: Nimeokoka, je, nimchukue kaka aliyenidhulumu?

Ndugu yangu, nimekusoma vizuri. Tangu uokoke marafiki wamekukimbia, na sasa kaka yako aliyekudhulumu urithi anaumwa, hana wa kumuuguza. Moyo unakusukuma umlete nyumbani, mkeo hataki.

Msukumo huo usiuzime. Yesu alisema tuwapende adui zetu, wala hakuweka sharti kwamba watuombe radhi kwanza. Ila anza na mkeo. Kubadilisha shuka usiku wa manane na kufua nguo zilizotapikiwa kutamwangukia yeye pia, na huwezi kutoa sadaka kwa mikono ya mwenzio. Msikilize hofu zake zote. Akikataa kabisa, nenda ukamuuguze kaka huko huko aliko.

Mimi nimewahi kumuuguza ndugu niliyekuwa na kinyongo naye. Gharama hazikuwa kitu. Kazi ilikuwa kumlisha kijiko kwa kijiko huku akinisema vibaya. Jiandae kwa hilo.

Halafu soma Luka 10. Msamaria alifunga majeraha, akalipa dinari mbili, kisha akamwacha mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Kwa hiyo omba washirika wenzako wakusaidie zamu, bila aibu.

Suala la urithi ni la wakili. Kusamehe hakukunyimi haki ya kudai, na usitie saini karatasi yoyote kando ya kitanda. Kama kaka ana tabia ya kupiga watu, asilale nyumba moja na watoto. Usingizi ukikupotea siku nyingi, mwone daktari mapema, huku ukiendelea kuomba.