Jibu: Nimepewa cheo, ovataimu imekatwa

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umepandishwa kuwa msaidizi wa meneja kwenye nyumba ya kulea wazee huko Marekani, unalipwa dola 700 kwa wiki, unapiga saa 55, na bosi anasema mwenye mshahara hana ovataimu.

Anza na hati ya malipo. Kwa sheria ya shirikisho, ukilipwa chini ya dola 684 kwa wiki, saa zinazozidi 40 ni ovataimu yako, hata wakuite mkurugenzi. Julai 2024 kiwango kilipandishwa hadi 844, ila Novemba mahakama moja ya Texas ikakifuta, tukarudi 684. Wewe umekivuka kwa dola 16 tu. Hapo mtu alikaa na kikokotoo!

Lakini mshahara peke yake hautoshi kukunyima ovataimu. Kazi yako kuu lazima iwe kusimamia, na uwe unaongoza angalau watu wawili. Mimi niliitwa msimamizi wa zamu, kumbe usiku kucha nabadilisha shuka na kuogesha wazee. Nilikuwa naandika saa zangu kwenye kidaftari cha mfukoni. Nilipodai, hicho ndicho kilichoniokoa.

Walimu, madaktari na wanasheria kiwango hiki hakiwahusu. California, New York na Washington wana vyao, vya juu zaidi, na hukututajia jimbo lako. Usikawie tu: dai linarudi nyuma miaka miwili, mitatu ikionekana mwajiri alikusudia.