Bega kuuma kwa ajili ya susafoni: kilichonitoa kwenye miaka miwili ya maumivu

Mkuu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Unasema ni miezi minne tangu utolewe kwenye tarumbeta ukapewa susafoni, ile ala kubwa ya besi ya kupuliza inayozunguka mwili na kukaa begani. Kila ikifika nusu saa ya mazoezi bega la kushoto linawaka moto, usiku ukilalia upande huo unaamka, na bendimasta wako amekwambia vumilia, utazoea. Unauliza kama kweli utazoea au uombe urudishwe kwenye ala ndogo.

Nina miaka 11 kwenye susafoni, na miwili ya kwanza niliipitisha hapo hapo ulipo wewe. Uzito utauzoea. Maumivu ya kukuamsha usiku usikubali kuyazoea, maana mimi niliyavumilia na ndiyo yaliyonichelewesha. Wala usirudishe ala bado. Kwa maelezo yako naona shida iko kwenye namna ala inavyokaa mwilini, na hilo linarekebishika.

Susafoni ya shaba kwa kawaida ina kilo kama 13 hadi 16, na zipo zinazozidi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubeba kilo 15 mgongoni akatembea nazo mwendo mrefu tu. Lakini hizi zetu zimekaa bega moja, na ule mdomo mkubwa unaotolea sauti uko juu ya kichwa, kwa hiyo ukigeuka kidogo tu nao unakuvuta. Susafoni za mwanzo, za miaka ya 1890, mdomo wake ulitazama juu. Huu wa kutazama mbele ulikuja baadaye ili sauti iende kwa wasikilizaji, na sisi tunaobeba tukapata kazi ya kuzuia ala isielekee huko huko.

Sasa shika ule mnofu mnene ulio kati ya shingo na bega lako la kushoto. Huo ndio msuli unaolia. Ukiwa unatembea, misuli ya miguu inakaza na kuachia, inakaza na kuachia, na damu inapita. Ukisimama na ala huku bega umelipandisha, msuli huo unakaza dakika ishirini bila kuachia hata mara moja, damu inapita ndani yake kwa shida, ndipo moto unapoanza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini bega limepanda. Ala iliyotua vizuri inakaa juu ya mwili wenyewe, na msuli unabaki na kazi ndogo ya kuituliza.

Mimi sikujiuliza hilo. Nilidhani mwili wangu ni dhaifu, nikaanza pushapu 50 kila asubuhi. Baada ya wiki tatu maumivu yakahamia mbele ya bega, nikawa siwezi hata kuvaa shati bila kukunja uso.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja tuliyekuwa tunapiga naye besi. Siku hiyo alinyamaza tu wakati wa mazoezi, akachukua simu yake, akanipiga picha kwa ubavu bila kuniambia. Mapumziko yalipofika akanionyesha. Kidevu kilikuwa kimetoka mbele kama cha kobe anayechungulia, bega la kushoto karibu liguse sikio, kiuno kimepinda kwenda kulia. Akaniuliza, "Kijana, kidomo kinakuja kwako au wewe ndiye unakifuata?"

Kidomo changu, kile kipande kidogo cha kupulizia, kilikuwa chini ya midomo yangu kwa vidole vitatu na mbele zaidi ya inavyotakiwa. Ili nikifikie nilikuwa napandisha ala yote kwa bega na kutoa shingo mbele, kila siku, bila kujua. Miaka miwili nilikuwa nanyanyua kilo 15 kwa sababu ya vidole vitatu.

Tulirekebisha siku ile ile, na nakuomba ufanye vivyo hivyo. Simama wima bila ala. Toa pumzi yote, acha mabega yaanguke yenyewe, tazama mbele. Midomo yako ilipo sasa hivi ndipo kidomo kinapotakiwa kufika. Halafu vaa ala na uiache itue inapotaka kutua, usiisaidie kwa mkono. Mwombe mwenzako asimame ubavuni mwako. Atalegeza shingo ya ala, lile bomba lililopinda linaloelekea mdomoni, pamoja na vile vipande viwili vifupi vinavyokaa kati yake na kidomo. Watu wengi wanavichomeka tu vikae vinavyokaa na hawavigusi tena. Vipande hivyo vimepinda, na ndiyo kazi yake: ukizungusha kimoja kidogo kidomo kinapanda au kinashuka, ukizungusha cha pili kinasogea kando au kinarudi karibu. Azungushe taratibu mpaka kidomo kiguse midomo yako wewe ukiwa hujatikisika. Mwenzako ndiye afanye, kwa sababu ukizungusha mwenyewe mkono unapanda na bega linapanda nao.

Kama vimeganda usivipige wala usivikamate kwa koleo, vitapinda. Mpelekee fundi wa ala. Na ukiondoa kipande kimoja ili kidomo kirudi karibu, sauti itapanda kidogo, kwa hiyo utavuta bomba la kurekebishia sauti upya.

Kabla ya hayo yote lakini, weka mto wa begani. Mimi nilianza na shingo ya ala, kesho yake nikaweka mto, ala ikanyanyuka na vipimo vyote vikaharibika, ikabidi turudie. Mto uwe wa sponji ngumu. Sponji laini ya godoro nilijaribu, ndani ya dakika kumi ilikuwa imebonyea yote na bomba linagusa mfupa kama kawaida. Ngumu, unene wa vidole viwili, na iwe pana, maana upana ndio unaotawanya uzito. Ifunge kwenye bomba lenyewe kwa kitambaa au mikanda ya kunata ili isiteleze ukitembea.

Angalia pia bomba linatua wapi. Lisikae kwenye ncha ya bega na lisilalie mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka chini ya shingo kwenda begani. Chini ya mtulinga inapita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na ikibanwa utaona vidole vinakufa ganzi au vinachomachoma kama sindano. Mahali pazuri ni pale kwenye nyama, katikati ya shingo na ncha ya bega, huku sehemu ya chini ya ala ikigusa nyonga au ubavu upande wa kulia. Kwenye baadhi ya ala mdomo mkubwa umefungwa kwa skrubu tatu. Ukizilegeza unaweza kuugeuza kidogo mpaka uone mvuto umepungua. Shika mdomo vizuri wakati huo, ni mzito.

Kuna jambo moja lililonishangaza zaidi ya yote. Mzee yule aliniambia nivute pumzi mbele ya kioo nikiwa nimevaa ala. Nikaona ala nzima inapanda na kushuka. Nilikuwa navuta hewa kwa mabega, na kwenye wimbo wa dakika nne unavuta pumzi mara nyingi mno, na kila pumzi nilikuwa nainua susafoni. Hewa ya besi inakaa chini. Weka mkono wa kulia kwenye tumbo na mbavu za chini, vuta, zitanuke huko. Bega lisiende popote. Ilinichukua kama mwezi kuizoea, na sauti yangu ilinenepa kabla hata maumivu hayajaisha.

Mikono nayo ina habari zake. Wa kushoto kazi yake ni kuituliza ala isiyumbe, usiuninginize hapo kama uliyeshika bomba la basi. Wa kulia, chunguza valvu zako, vile vitufe vya kubonyeza. Zangu zilikuwa kavu, ya pili ilikuwa inakwama, nami nikawa naibonyeza kwa nguvu mpaka kiwiko kinakaza, na kiwiko kikikaza bega linafuata. Matone machache ya mafuta ya valvu yalinipa nafuu ambayo sikuitegemea.

Baada ya hapo ni kupumzisha, na hapa wapiga besi wengi tunajionea fahari ya kusimama na ala saa nzima. Acha. Dakika 20 za kupiga, kisha ivue kabisa, iweke chini, zungusha mabega, ning'iniza mikono. Bendimasta akiwa anawafundisha wapiga tarumbeta mstari wao, vua. Nyumbani nusu ya mazoezi yangu nafanya bila ala: naimba mstari huku vidole vikibonyeza hewani, au napuliza kidomo peke yake. Na ukitoka kwenye likizo ya wiki tatu usianze na saa mbili za kutembea. Anza na robo saa, ongeza siku baada ya siku. Mara zote maumivu yangu yaliporudi ilikuwa ni baada ya mapumziko marefu.

Mazoezi ya mwili yapo, ila yaje maumivu makali yakishatulia. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniachisha pushapu akanipa vitu vyepesi ambavyo nilividharau mwanzoni. Kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea tumboni huku nikiyakutanisha makombe ya mabega nyuma. Kubana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko kimekunjwa, halafu kuuvuta mpira kwa kuzungusha mkono kwenda nje. Kusimama mlangoni, mikono kwenye fremu, nikasogea mbele taratibu mpaka kifua kinyooke. Siku tatu kwa wiki. Nilianza kuona tofauti kama baada ya miezi miwili, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Wadau wawili wameuliza humu kuhusu tuba ya kukaa na tromboni. Kwa tuba kanuni ni ile ile, kidomo kikufuate. Kama kiko chini, weka taulo iliyokunjwa chini ya ala juu ya mapaja. Kama kiko juu, ishushe uiweke kwenye kiti katikati ya miguu, au tafuta stendi ya tuba inayoshuka. Usijinyooshe wala usijikunje kuifikia.

Tromboni ni nyepesi kuliko hizi zetu ila ina ubaya wake, kwamba mkono wa kushoto peke yake ndio unaoinyanyua yote na haukuegemea popote. Mkono wa kulia uachwe huru kwa kuvuta bomba. Ukianza kuutumia kusaidia kubeba utapata mabega mawili yanayouma. Kiwiko cha kushoto kisipeperuke mbali na mwili. Shusha stendi ya noti ili mdomo wa ala usilazimike kupanda juu yake, na kwenye kila kimya cha noti kirefu iteremshe pajani. Kwa tromboni ya besi, ambayo ni nzito zaidi, kuna vishikio vya ziada vinavyohamishia uzito kwenye kiganja na kifundo cha mkono, na nawafahamu waliosaidika navyo.

Mkuu, kuhusu hayo maumivu ya usiku. Ukifanya marekebisho haya ukapumzika wiki moja au mbili na bado unaamka, au mkono umekosa nguvu ya kuinua kitu juu, au ganzi haiondoki hata ukivua ala, nenda ukaonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Inaweza kuwa kano za ndani ya bega zimevimba, na hizo hazitibiwi kwa sponji. Na kwa yeyote anayesoma: bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, kukosa pumzi au jasho la ghafla, hilo huenda ni la moyo. Hospitali hapo hapo.

Bendimasta mweleze wazi. Wangu nilipomwonyesha ile picha alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, akaniruhusu kutumia susafoni ya faibaglasi, ambayo ni nyepesi zaidi, kwenye mazoezi ya kutembea na ya shaba siku za tamasha. Ya faibaglasi sauti yake haina unene ule, lakini bega linapona huku unaendelea kujifunza.

Piga picha ya ubavu leo kabla hujagusa chochote, kisha nyingine baada ya kurekebisha. Ziweke humu zote mbili, ficha uso ukipenda. Nataka kuona kidevu na bega la kushoto.