Usinipe tangawizi: nilivyotapika mimba mbili

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania. Naikumbuka siku hiyo kuliko watu wengi, kwa sababu nilikuwa na mimba ya wiki saba na rambo ndiyo iliyokuwa ikinifikisha kazini. Nilipandia daladala Tabata nikashukia Kariakoo, na njiani nilitapika mara mbili au tatu, kimya kimya, nimeinama kama mtu anayetafuta chenji iliyodondoka chini ya siti. Rambo zilipoadimika nikahamia kwenye kopo la siagi la kilo moja, lile lenye mfuniko. Kopo ni bora: halivuji, linafungia harufu, na ukifika unaosha. Kama umeshafika hatua ya kutapika barabarani, tafuta kopo leo hii, mengine tutaongea.

Simwandikii mwenye kichefuchefu cha asubuhi kinachoisha kwa kipande cha mkate. Hicho huwapata wajawazito wengi mno, saba au hata wanane kati ya kumi, na dawa zake kila bibi anazo. Namwandikia yule ambaye maji yakishuka yanarudi, ambaye asubuhi, mchana na usiku kwake ni kitu kimoja. Tuko wachache, kati ya mia moja hatufiki hata wanne, na ndiyo maana wanaotuzunguka hawatuelewi. Wao walitapika, wakapona, wakapika ugali jioni.

Mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, mimba si ugonjwa. Mimi nililima mpaka siku ya uchungu." Hakusema kwa ubaya, na ni kweli alilima. Jirani akasema mtoto ni wa kike. Mwingine akasema mimba imemkataa baba, basi mume wangu akahamishiwa kwenye kochi la sebuleni, masikini, kumbe kilichonishinda ni sabuni yake ya kuogea. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule, jiko la wote liko koridoni, na kila jioni saa kumi na mbili mwenzangu wa mlango wa pili alikaanga vitunguu. Nilivisikia vile vitunguu kabla mafuta hayajachemka. Nilijifungia, nikaziba uvungu wa mlango kwa kanga iliyolowa, na bado natapika. Baada ya wiki mbili za kuambiwa nadeka, na mimi nikaanza kuamini kuwa nadeka.

Nikanywa tangawizi. Ya kuchemsha, ya unga, ya kutafuna. Sikatai kwamba kwa kichefuchefu kidogo inasaidia watu. Ila kwa tumbo lisiloshika hata maji, tangawizi inachoma ikishuka na inachoma mara mbili ikirudi. Ukienda kumsalimia mjamzito wa namna yangu, nakuomba uiache nyumbani.

Wiki ya tisa nilikuwa nimetoka kilo 61 hadi 54. Nilikuwa nakojoa mara moja kwa siku, mkojo wa rangi ya chai kavu. Zahanati ya kwanza niliyokwenda waliniangalia usoni, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, wakasema nitazoea. Siku mbili baadaye nilianguka bafuni. Hospitali nilikopelekwa ndiko walikopima mkojo, wakakuta ketoni, plasi tatu. Daktari alinieleza vizuri: mwili ukikosa chakula unaanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na ketoni ni kama moshi wa moto huo. Akasema ugonjwa wangu una jina, hiperemesisi, na una matibabu. Nilitundikiwa dripu siku nne. Siku ya pili nilikojoa mkojo mweupe, nikalia chooni kwa furaha. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kushangilia mkojo.

Na hapo ndipo penye neno langu hasa. Wenzio watakuuliza umekula nini. Achana na chakula. Kula kidogo kwa wiki kadhaa za mwanzo kwa kawaida hakumdhuru mtoto, maana bado ni mdogo sana na ana njia zake za kuchukua kwako anachohitaji. Kinachokuangusha wewe haraka ni maji. Kwa hiyo hesabu mkojo. Kama mchana yamepita masaa nane mfululizo hujakojoa, au mkojo ni wa rangi ya kahawia, au siku nzima hakuna kilichobaki tumboni, hata maji, usingoje kesho. Usingoje pia ukiona damu kwenye matapishi, ukipata homa, tumbo likikuuma, moyo ukikwenda mbio ukiwa umelala, au ukianza kuona mbili mbili na kuyumba. Na kama una mzani, jipime kila wiki: mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3, hilo si suala la kuzoea.

Ukifika, usikubali kuambiwa "ni mimba tu" kabla hujapimwa malaria na mkojo. Kwetu huku malaria inatapisha, na maambukizi ya njia ya mkojo yanatapisha, na yote mawili ni hatari kwa mjamzito. Utrasaundi nayo ni muhimu, kwani mapacha huongeza kutapika, na mimba zabibu vilevile, yaani ile ambayo kondo linakua vibaya, kama vishada vya zabibu. Na kama umetapika kwa wiki kadhaa, uliza habari ya vitamini B1 kabla hujawekewa dripu ya glukosi. Upungufu wa B1 unaweza kudhuru ubongo, na sukari ikitangulia inaharakisha madhara hayo. Mimi sikujua kuuliza. Daktari alijua, bahati yangu.

Mimba ya pili, mwaka 2024, nilijipanga. Nilishaambiwa kwamba ukiugua hivi mara moja uwezekano wa kurudia ni mkubwa, na kweli wiki ya tano ikanikuta. Tofauti ni kwamba safari hii sikunywa maji kwa glasi. Glasi ni mtego: una kiu, unagida, dakika mbili yote yako kwenye ndoo pamoja na nyongo. Nilikunywa kwa kijiko cha chakula, kimoja kila dakika tano, saa ya simu ikinikumbusha. Inaonekana upuuzi, lakini piga hesabu: kijiko ni mililita 15, kwa saa moja ni 180, kwa saa kumi ni karibu lita mbili. Nikitapika, napumzika robo saa, naanza upya. ORS ya pakiti ilikuwa inanikera kwa ladha, nikagundua ikiwa baridi sana inapita. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima.

Kilichoniokoa zaidi ni barafu za ukwaju. Zile zile wanazouza watoto mtaani, ila nilitengeneza mwenyewe kwa maji ya kuchemsha, sukari kidogo, chumvi chembe. Unanyonya taratibu, haina harufu, na ule uchachu unakata mate. Maana mate nayo! Hakuna anayekwambia kuhusu mate. Nilikuwa natema nusu lita kwa siku, siwezi kuyameza kwa sababu nikiyameza tu, tapishi. Kopo la kutemea kando ya kitanda, leso ya zamani chini ya shavu usiku, bigijii mchana. Usione aibu, mate hayo ni sehemu ya ugonjwa.

Udongo niliutamani sana, na pemba, vile vipande vya udongo wa kula, zinauzwa kila soko. Sikula, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa damu yangu ilishakuwa ndogo na udongo unazuia madini ya chuma yasifyonzwe, bila kutaja minyoo na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yanayoweza kuwamo. Nilinusa tu ukuta baada ya mvua. Cheka.

Chakula nilikula kikiwa baridi, kwa kuwa cha moto kinatoa harufu. Muhogo wa kuchemsha wa jana, kiazi kitamu, bisi, yai lililopoa siku zilizokuwa nzuri. Mchanganyiko wowote uliokaa tumboni niliuandika, ingawa kilichokaa Jumatatu mara nyingi Alhamisi kilikuwa kimeshakataliwa. Vidonge vya madini ya chuma ndivyo vilivyonivuruga kuliko vyote. Nilimwambia nesi wa kliniki, wakanibadilishia nikameza folik asidi peke yake kwa wiki kadhaa, chuma kikarudi baadaye. Usivitupe kimya kimya ukadanganya kliniki kwamba unameza. Sema. Meno nayo, usipige mswaki dakika ile ile umetapika, asidi imelainisha jino. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa.

Sasa dawa. Mimba ya kwanza nilikataa dawa za kuzuia kutapika kwa siku nzima nikiwa kitandani hospitali, kwa sababu shangazi alikuwa ameniambia dawa zinalemaza watoto. Hofu hiyo haikutoka hewani. Thalidomidi iliuzwa Ulaya kuanzia mwaka 1957, wajawazito wakapewa kwa kichefuchefu, na ilipoondolewa sokoni mwaka 1961 watoto wengi walikuwa wameshazaliwa na mikono au miguu mifupi. Lakini dawa zinazotolewa sasa si hiyo. Piridoksini, ambayo ni vitamini B6, pamoja na doksilamini, zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi. Kuna promethazini, inayolaza kama mtoto. Kuna metoklopramidi, ya siku chache tu. Kuna ondansetroni, ambayo mimi ndiyo iliyonishika, ingawa ilinifunga choo vibaya sana. Daktari atakueleza faida na hadhari zake kwa miezi ya mwanzo. Usinunue dirishani duka la dawa kwa kuelekezwa na shoga yako. Na ukipewa, meza kabla hujainua kichwa kwenye mto, uisubirie hapo hapo. Mimi nilikuwa nangoja nitapike ndipo nimeze, halafu nashangaa kidonge kiko kwenye ndoo.

Kuhusu kudeka: Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto na kondo lake, ndiyo kisababishi kikubwa. Mwanamke aliyekuwa nayo kidogo mwilini kabla ya mimba huwa hajaizoea, ikipanda ghafla inamwangusha. Mmoja wa watafiti ni Marlena Fejzo wa Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza mimba kwa ugonjwa huu mwaka 1999. Nilimsomea mama mkwe kwa Kiswahili changu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mdogo wangu alikuwa nayo hiyo," akanyamaza kwa muda mrefu. Sikumuuliza mdogo wake yupi.

Kazini, omba ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, uipeleke kwa maandishi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Hiyo ni mbali na likizo ya uzazi ya siku 84. Bosi wangu wa kwanza alitaka nianze kula likizo ya uzazi nikiwa na miezi miwili, na mimi sikujua, nikakubali. Nilirudi kazini mtoto hajaweza hata kushika shingo.

Jambo moja ni gumu kuandika. Kuna usiku, mimba ya kwanza, niliomba itoke. Mimba niliyoitafuta miaka mitatu. Sikumwambia mtu, nikadhani mimi ni mchawi. Baadaye nimekutana na wanawake watatu waliopitia haya, wote watatu waliomba hivyo. Kama uko hapo, mwambie mtu mmoja, na mwambie daktari pia.

Wanaouliza wasaidie nini: msilete chakula. Wifi yangu alikuja Jumamosi, akafua, akaosha ndoo kwa maji matupu bila dawa ya kunukia, akamchukua mtoto mkubwa akaenda naye kwake mpaka Jumapili. Hakuniuliza nimekula nini.

Kutapika kwa mimba ya kwanza kuliniachia wiki ya 24. Ya pili ilikuwa wiki ya 19, siku ya Jumatano. Tulikuwa bado kwenye nyumba ile ile. Saa kumi na mbili jioni mwenzangu wa mlango wa pili akaweka kikaango. Nikanyoosha mkono kuchukua kanga nizibe mlango, nikasita. Nilikuwa nasikia njaa.