Kabla hujaisifu antena yako ndogo, ifunike sufuria

Nilipewa kifaa ambacho kizima, betri ikiwemo, kinaenea ndani ya tufe la kipenyo cha sentimita 4, nikatakiwa kukiwekea antena ya megahezi 433. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 69. Robo yake tu ni sentimita 17. Nikasokota koili ya waya mwembamba, nikaongeza indakta na kapasita za kuoanisha (kuilinganisha antena na saketi), nikaunganisha VNA, kifaa kinachopima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Mchoro wake ukazama hadi desibeli -25, yaani karibu hakuna nguvu iliyorudi. Nilifurahi mno, mpaka nikaupiga picha.

Nje, kifaa hakikusikika hata upande wa pili wa ua.

VNA hukuambia nguvu iliyorudi. Isiyorudi imekwenda wapi, hilo halimo. Rezista ya ohmu 50 nayo hairudishi kitu, na hakuna anayeiita antena. Tena dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: bonde la mchoro lilikuwa na upana wa megahezi 20 hivi. Mhandisi Chu alionyesha mwaka 1948 kwamba antena ikiwa ndogo sana mbele ya wimbi lake, upana wa masafa lazima uwe finyu. Kwa ukubwa ule, saketi ya kawaida ya kuoanisha haifikishi hata megahezi 2, isipokuwa nguvu inapotea. Yangu ilikuwa inapasha waya joto.

Sasa huanza na kipimo cha mhandisi Wheeler, cha kuifungia antena ndani ya chuma. Igeuze sufuria ya chuma juu ya bati, antena ikiwa ndani, ukingo ugusane na bati pande zote. Kutoka antena hadi ukuta kuwe na kama sentimita 11, yaani urefu wa wimbi gawanya kwa 6.28. Antena inayotoa mawimbi kweli itaharibika mchoro, kwa kuwa nguvu imekosa pa kutokea. Yangu haikutikisika.

(Ishike kebo pia. Mchoro ukihama, kebo ndiyo antena yako, ivishe pete ya feraiti, inayozuia mkondo kupita juu ya kebo.)

Nilirudi kuomba nafasi zaidi, nikatumia waya mnene na kuondoa indakta zote isipokuwa moja. Mchoro mpya unafika -12 tu, na hapo inarudi asilimia 6 ya nguvu, hasara ndogo kabisa. Kifaa kinasikika vizuri. Mwenye kazi bado ananiuliza kwa nini picha ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.