Spika zangu za 1967 na ampu iliyoniaibisha mbele ya shemeji

Juzi dogo mmoja wa Njiro kanitumia meseji, "kaka nimepata spika za JBL L100, zile zenye sponji la orenji mbele, ampu ya wati 30 itatosha au nitafute ya 200?" Nikacheka halafu nikanyamaza, maana hilo swali la ampu, yaani ile mashine inayosukuma spika, ndilo lililoniunguza mimi.

Mwaka juzi mzee mmoja mzungu alikuwa anahama Usa River akaniuzia AR-3a, pea nzima laki nane. Kwa wasiozijua, hizi ni spika za Marekani zilizotoka 1967, wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 ndani ya boksi lililozibwa kabisa, hewa iliyofungiwa mle ndiyo inafanya kazi ya springi, ndo maana besi yake inashuka chini bila kuvuma vuma kama sabufa za baa. Kila moja kama kilo 24, nikazipakia kwenye kirikuu nimezifunga mablanketi, njia nzima nachungulia nyuma utadhani nimebeba mgonjwa.

Nyumbani nikaunga na ampu yangu ya zamani, nyuma imeandikwa omu 8 kwenda juu (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme). AR-3a ni omu 4, yaani zinanyonya umeme mwingi kutoka kwenye ampu. Fundi akasema weka tu, na mimi nikaweka, kwa sababu Jumapili ile shemeji alikuwa anakuja na nilishamtambia wiki nzima. Sauti ndogo, nikapandisha, bado ndogo, nikapandisha mpaka karibu na mwisho, ampu ikachemka ungeweza kuivisha chapati juu yake, muziki ukaanza kukwaruza, halafu twita ya kushoto, kile kispika cha sauti nyembamba, kimya. Shemeji akauliza, "ndo hizi za laki nane?" Mpaka leo nikimwona anatabasamu najua anawaza nini.

Sasa nisikilizeni vijana. Wati peke yake hazikuambii kitu. Angalia omu za spika, halafu angalia inatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, kwa wati moja. Kila zikipungua desibeli 3 unahitaji wati mara mbili. Klipschorn, ile spika ya kukaa konani, iko kama desibeli 104, ampu ya taa (ile yenye mirija ya kioo inayowaka) ya wati 10 inaitosha mpaka majirani waje kugonga, ila spika ya 86 kufika sauti ileile inataka wati mara 64. Mara 64 jamani! Na ampu ndogo ikikamuliwa kupita uwezo inaua twita, watu wanaogopa ampu kubwa tu. Omu kwanza, narudia, omu kwanza, acheni ubishi wa vijiweni.

Kutafuta twita nyingine ilinichukua miezi saba, sitaki hata kusimulia. Siku hizi natumia ampu ya wati 100 inayokubali omu 4, sifiki hata nusu, na gitaa la besi la rumba za zamani unalisikia limekaa pale sakafuni.

Dogo wa Njiro, L100 ni omu 8, si ngumu kama zangu, hiyo ya 30 anza nayo ila usiikamue. Na lile sponji la orenji usilishikeshike, likishazeeka linageuka unga mkononi.